Ripoti ya mwaka ya mbunge wa Uingereza: jinsi ya kuisoma, na kazi iliyo nyuma yake

Wabunge wengi wa Uingereza huwaandikia wakazi wa majimbo yao mara moja kwa mwaka kueleza walichofanya. Karatasi inakuja na picha ya mheshimiwa akiwa benki ya chakula, nyingine amevaa kofia ya ujenzi, kisha tarakimu: mashauri ya wananchi yaliyoshughulikiwa, maswali yaliyoulizwa bungeni, shule zilizotembelewa. Msomaji aliyekulia Tanzania au Kenya huitafuta tarakimu moja asiione, nayo ni fedha. Hakuna madarasa yaliyojengwa, hakuna basari, hakuna bati hata moja. Si kwamba mbunge huyo ni bahili. Hana cha kutoa.

Kenya ilianzisha mfuko wa jimbo mwaka 2003, na Tanzania ilitunga sheria ya mfuko wake mwaka 2009. Uingereza haina mfuko wa aina hiyo. Tena mbunge wa Tanzania ni mjumbe wa halmashauri yake kwa sababu tu ni mbunge, wakati mwenzake wa Uingereza, kwa ubunge wake peke yake, hana kiti wala kura kwenye baraza la madiwani. Hawezi kumwagiza mkurugenzi wa halmashauri, hawezi kumpangia mtu nyumba, hawezi kurudisha mafao yaliyokatwa. Alicho nacho ni kimoja: akiuliza, taratibu za serikali zinataka ajibiwe, kwa maandishi, na mtu mwenye cheo. Kazi yake yote ya ustawi wa jamii na kero za mtaa, mwaka mzima, ni namna anavyokitumia kitu hicho kimoja. Wengine hukitumia kama sindano, wengine kama kipaza sauti.

Ofisi na kliniki

Bunge la chini lina viti 650: England 543, Scotland 57, Wales 32 na Ireland ya Kaskazini 18. Kwa mipaka iliyoanza kutumika kwenye uchaguzi wa tarehe 4 Julai 2024, kila jimbo lilitakiwa liwe na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062, isipokuwa majimbo matano ya visiwa yaliyopewa kinga. Ukiongeza watoto na wasio na haki ya kupiga kura, kila mbunge anabeba watu laki moja hivi.

Kubeba huko kunafanywa na timu ndogo ya wafanyakazi, wengine wakiwa Westminster, makao ya Bunge jijini London, na wengine jimboni. Mishahara yao inalipwa na IPSA, mamlaka huru iliyoundwa 2009 baada ya kashfa ya marupurupu ya wabunge. Mbunge mwenyewe, kwa mwaka 2025/26, alilipwa pauni 93,904. Bajeti ya wafanyakazi ni fungu jingine kabisa na haipiti mfukoni mwake. Mtu muhimu kuliko wote kwenye ofisi hiyo kwa mwenye shida ni mfuatiliaji wa mashauri, yule anayejua ni dawati gani la wizara linalojibu haraka na lipi linalala. Kumdharau kwa sababu "nilitaka kumwona mheshimiwa mwenyewe" ni kosa la kwanza wanalofanya wengi.

Bunge hukaa Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa chache tu za mwaka, kwa kawaida 13, zimetengwa kwa miswada binafsi. Ndiyo maana Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za jimbo. Waingereza wanakiita kikao cha mbunge na wananchi kwa neno lilelile wanaloliita chumba cha daktari, kwa hiyo kukiita kliniki si kosa: watu wanaingia mmoja mmoja, dakika kumi au kumi na tano kila mtu, na wengi wanatoka na karatasi ya rufaa kwenda kwingine. Zamani mlango ulikuwa wazi kwa yeyote. Tarehe 14 Mei 2010 Stephen Timms, mbunge wa East Ham, alichomwa kisu kwenye kliniki yake Beckton, mashariki mwa London, akapona na kuendelea na kliniki zake. Jo Cox aliuawa tarehe 16 Juni 2016 akielekea kwenye kliniki yake Birstall, na David Amess tarehe 15 Oktoba 2021 akiwa ndani ya yake huko Leigh-on-Sea. Sasa ofisi nyingi zinataka miadi, na mara nyingi mahali pa kukutana hutajwa baada ya jina na anwani kuhakikiwa.

Barua inavyofanya kazi

Shauri linaanza na anwani. Kwa desturi ya Bunge, mbunge hashughulikii mkazi wa jimbo la mwenzake, hata kama wanatoka chama kimoja na hata kama mkazi huyo ni binamu yake. Ndiyo maana barua pepe isiyo na msimbo wa posta hurudishwa na swali moja tu: unaishi wapi? Kuwaandikia wabunge watano kwa pamoja hakuleti nguvu mara tano. Kunaleta majibu manne ya kukuelekeza kwa wa tano.

Pili ni ridhaa. Mfuatiliaji atataka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya bima ya taifa kama ni suala la mafao au kodi, namba ya rejea ya maombi kama ni la uhamiaji, na maelezo mafupi yenye tarehe. Sheria ya ulinzi wa taarifa ya 2018 inampa mwakilishi aliyechaguliwa nafasi ya kushughulikia taarifa nyeti za mtu anayemsaidia, lakini wizara nyingi zinaona raha zaidi zikiletewa ridhaa iliyoandikwa. Mwana akimwandikia mbunge kwa niaba ya mama yake mzee bila ridhaa ya mama, shauri linakwama hapohapo, na wiki mbili zimekwenda.

Tatu ni kuchagua mlango, na hapa ndipo ofisi nzuri inapoachana na mbaya. Mafao makuu, pensheni ya serikali na matunzo ya watoto wa wazazi waliotengana ni ya Wizara ya Kazi na Pensheni. Viza na uraia ni vya Wizara ya Mambo ya Ndani. Taka, mashimo ya barabarani, orodha ya nyumba za umma, kodi ya halmashauri na huduma za wazee ni vya halmashauri, na diwani wa kata ndiye mwenye kura huko. Ukiwa Scotland, hospitali, shule na nyumba viko chini ya Bunge la Edinburgh, na hata fao la ulemavu la watu wazima limehamishiwa kwenye wakala wa Scotland. Mbunge wa Westminster anabaki na Universal Credit (fao kuu la wenye kipato kidogo), uhamiaji na mengine machache. Mbunge anaweza kuiandikia halmashauri, na wengi huandika, lakini pale barua yake ni ya heshima tu.

Mwongozo wa serikali unazitaka wizara zijibu barua za wabunge ndani ya siku 20 za kazi. Barua iliyosainiwa na mbunge kwenda kwa waziri inapewa namba, inafuatiliwa, na jibu lake linapitiwa na mtu wa juu kuliko yule aliyekataa ombi mwanzoni. Muujiza wote wa barua ya mbunge uko hapo: faili linatoka kwenye rundo na kusomwa na macho mapya. Mara nyingi macho hayo yanaona kosa la kawaida kabisa, cheti kilichopakiwa mara mbili huku ukurasa wa pili haupo, au anwani ya zamani.

Kuna mlango ambao barua haifungui. Mbunge hamwandikii hakimu wala jaji kumwambia aamue vipi. Anaweza kuuliza shauri litasikilizwa lini, basi.

Mafao: hesabu zinazojaza kliniki

Universal Credit ilianza 2013 huko Ashton-under-Lyne, karibu na Manchester, chini ya sheria ya 2012, ikachukua nafasi ya mafao sita ya zamani. Inalipwa kwa mwezi, baada ya mwezi kuisha. Mwombaji mpya anasubiri wiki tano: mwezi mmoja wa tathmini na siku saba za malipo. Anayeshindwa kungoja anapewa karadha inayokatwa kwenye malipo yake hadi miezi 24. Mtu mmoja mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, kwa viwango vya 2025/26, alikuwa na posho ya msingi ya pauni 400.14 kwa mwezi. Akichukua karadha ya kiasi hichohicho, atakatwa kama pauni 16.67 kila mwezi kwa miaka miwili. Juu ya hapo kunaweza kuja deni la umeme, deni la kodi ya nyumba, malipo ya ziada ya zamani. Tangu mwisho wa Aprili 2025 jumla ya makato ya kawaida imewekewa kikomo cha asilimia 15 ya posho ya msingi, kutoka 25. Kwa mtu huyo ilikuwa pauni 60 hivi. Mfuatiliaji mzoefu huanza kwa kuomba mchanganuo wa makato, kwa sababu mwenye shida huja akisema "wamenipunguzia" bila kujua ni nani amekata nini.

Mtego mwingine uko kwenye mshahara. Anayefanya kazi hupunguziwa peni 55 za fao kwa kila pauni anayopata juu ya kiwango alichoruhusiwa, kama anacho. Hesabu inafanywa kwa kipindi cha mwezi, lakini wahudumu wengi wa maduka, usafi na nyumba za wazee hulipwa kila wiki nne, maana yake mara 13 kwa mwaka. Basi mara moja kwa mwaka kipindi kimoja cha tathmini kinabeba mishahara miwili, fao linaweza kushuka hadi sifuri, na dai likafungwa. Hakuna aliyekosea, kalenda mbili hazikukutana. Asiyejua kwamba anatakiwa kulifungua dai upya hukaa mwezi mwingine bila kitu, kisha ndipo anapokuja kliniki na notisi ya mwenye nyumba mkononi.

Fao la ulemavu la PIP lina hesabu ya aina yake. Linapimwa kwa pointi: shughuli kumi za maisha ya kila siku na mbili za mwendo. Pointi 8 zinampa mtu kiwango cha kawaida, 12 kiwango cha juu, na mwenye pointi 7 hapati chochote. Kinachopimwa ni mtu anaweza kufanya nini. Jina la ugonjwa peke yake halihesabiwi. Mtu asiyeweza kutembea zaidi ya mita 20 anapata pointi 12 za mwendo. Anayevuka 20 lakini hafiki zaidi ya 50 anapata 8, au 10 kama anahitaji kifaa cha kumsaidia. Kati ya 50 na 200 ni pointi 4. Kanuni zinasema kuweza maana yake ni kuweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudiarudia, na ndani ya muda unaofaa. Wengi huanguka hapo. Mama wa Kiswahili anaulizwa kama anaweza kupika, anajibu "naweza, alhamdulillahi," na pointi zimeshapotea, kwa sababu hakusema kwamba akipika mara moja analala siku nzima. Adabu ya kutolalamika mbele ya mgeni ni ghali sana kwenye fomu hii.

Ukikataliwa, una mwezi mmoja kuomba uamuzi utazamwe upya na wizara yenyewe. Ukikataliwa tena, una mwezi mmoja mwingine kukata rufaa kwenye baraza huru, ambako kwa PIP hukaa jaji, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu. Kuchelewa kunaweza kusamehewa kukiwa na sababu nzuri, lakini si zaidi ya miezi 13 tangu uamuzi. Barua ya mbunge haisimamishi saa hiyo. Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote: mtu anampelekea mbunge barua ya kukataliwa, anatulia akingoja jibu, siku 20 za kazi zinakaribia mwezi, na muda wa rufaa umekwisha. Ofisi inayojua kazi humwambia siku ileile: jaza fomu ya rufaa leo, sisi tutaandika huku ukiwa umeshaingia mlangoni.

Fao la mlezi, yule anayemhudumia mgonjwa au mlemavu saa 35 au zaidi kwa wiki, lilikuwa pauni 83.30 kwa wiki kwa 2025/26, na mlezi hakuruhusiwa kupata mshahara wa zaidi ya pauni 196 kwa wiki. Aliyepata 197 alipoteza zote 83.30. Hakuna mteremko, ni kuporomoka papo hapo. Kwa miaka mingi wizara ilikuwa na taarifa za mishahara hiyo lakini ikawaacha watu wavuke bila kuwaambia, kisha ikawadai maelfu ya pauni. Kamati ya Bunge ya Kazi na Pensheni ililisema jambo hilo mwaka 2019, lakini kikomo hakikupandishwa kwa hatua kubwa hadi Aprili 2025, kutoka 151.

Kutoka kliniki hadi bungeni

Shauri moja ni barua. Mashauri kumi na mawili yanayofanana ni hoja. Mbunge makini humtaka mfuatiliaji wake amwandalie kila mwezi orodha ya yanayojirudia, na hapo ndipo vyombo vya Bunge vinapoanza kutumika.

Cha kwanza ni swali la maandishi. La kawaida hujibiwa kwa kawaida ndani ya wiki ya kazi, na kuna aina ya pili ambayo mbunge anataja siku anayotaka jibu, lakini haruhusiwi kuwasilisha zaidi ya matano ya namna hiyo kwa siku. Ubora wa swali uko kwenye maneno. Ukiuliza "serikali inafanya nini kuhusu umaskini," utapewa aya mbili za sifa za serikali. Ukiuliza ni madai mangapi ya Universal Credit yamefungwa kwa sababu ya mishahara miwili katika kipindi kimoja, kwa kila mwezi, unamlazimisha waziri atoe namba au akiri kwamba namba hizo hazikusanywi au zinagharimu mno kuzitafuta. Kukiri huko nako ni silaha: kamati na waandishi wa habari wataitumia.

Maswali ya mdomo kwa Wizara ya Kazi na Pensheni huja takriban kila wiki tano, Jumatatu, na majina hupatikana kwa kura ya bahati nasibu. Mjadala wa kuahirisha Bunge, nusu saa ya mwisho ya siku, unampa mbunge mmoja waziri mmoja aliyekaa mbele yake akilazimika kujibu kuhusu kituo kimoja cha afya au daraja moja. Viti vinakuwa vitupu, picha haivutii, lakini kwa kero ya mtaa hakuna chombo kizuri zaidi. Westminster Hall, ukumbi wa mijadala sambamba ulioanza 1999, ni wa kazi hiyo pia. Maombi ya wananchi yaliyosainiwa kwa kalamu bado huwekwa kwenye mfuko wa kijani ulioning'inia nyuma ya kiti cha Spika. Ya mtandaoni yakifika sahihi 10,000 serikali hujibu, yakifika 100,000 hufikiriwa kwa mjadala.

Kuna kalenda ambayo hotuba nyingi za mafao huipuuza. Kiwango cha kupandisha mafao kila Aprili hutegemea mfumuko wa bei wa Septemba, unaotangazwa Oktoba. Pensheni hufuata kilicho kikubwa kati ya huo, ongezeko la mishahara, na asilimia 2.5. Kwa Aprili 2025 mafao mengi yalipanda asilimia 1.7 na pensheni 4.1. Uamuzi hutangazwa vuli, na mapema mwaka unaofuata Bunge hupigia kura amri ya utekelezaji. Amri ya namna hiyo hairekebishwi. Ni ndiyo au hapana. Kwa hiyo mbunge anayetoa hotuba kali mwezi Februari amekuja harusini wakati sufuria zinaoshwa. Anayetaka kugeuza jambo anaandika barua kabla ya bajeti ya vuli.

Na kuna mnadhimu wa chama, ambaye Wakenya wangemwita kiranja, anayehakikisha wabunge wanapiga kura kama chama kilivyoamua. Julai 2024 Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba posho ya kupasha joto nyumba wakati wa baridi, pauni 200 au 300 kwa kaya ya wazee, itabaki kwa wanaopokea fao la wazee wa kipato cha chini na wengine wachache. Bunge lilipiga kura tarehe 10 Septemba, 348 kwa 228, na hatua ikapita. Lakini kliniki za majira ya baridi zilijaa wazee waliozidi kiwango kwa pauni chache, na wabunge wa chama tawala, Labour, walibeba habari hizo hadi kwa mawaziri. Juni 2025 serikali ikageuka: kwa England na Wales, kila mwenye umri wa pensheni na kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka ataibakiza posho yake.

Wiki chache baadaye yakatokea makubwa zaidi. Muswada wa kubana Universal Credit na PIP ulikuwa na kifungu kilichotaka mwombaji wa PIP apate angalau pointi 4 kwenye shughuli moja ya maisha ya kila siku. Anayekusanya pointi mbilimbili kwenye kuoga, kuvaa, kupika na kwenda chooni angekosa. Wabunge wa Labour zaidi ya 120 walitia saini kupinga. Tarehe 1 Julai 2025, mjadala ukiwa unaendelea, waziri alisimama kutangaza kwamba kifungu hicho kitaondolewa. Waziri mwenyewe alikuwa Stephen Timms, yuleyule wa Beckton. Muswada ukapita hatua ya kusomwa mara ya pili 335 kwa 260, wabunge 49 wa Labour wakipinga hata hivyo. Sehemu ya Universal Credit ilibaki, na kwa waombaji wengi wapya nyongeza ya ugonjwa inakatwa karibu nusu kuanzia Aprili 2026. Anayesoma ripoti ya mbunge kuhusu mwaka huo aangalie kama imetaja vyote viwili, kilichookolewa na kilichopita.

Kusimama kinyume na chama kuna bei. Tarehe 23 Julai 2024 wabunge saba wa Labour waliipigia kura hoja ya kuondoa kikomo cha watoto wawili kwenye mafao, kilichowekwa Aprili 2017, na wote wakasimamishwa kwenye kundi la chama bungeni. Bajeti ya tarehe 26 Novemba 2025 ikatangaza kukiondoa kikomo hichohicho kuanzia Aprili 2026.

Wakati mwingine mtaa mmoja unafumua nchi nzima. James Arbuthnot, mbunge wa North East Hampshire hadi 2015, alianza na wakazi wa jimbo lake waliosimamia matawi ya posta na kudaiwa fedha ambazo kompyuta yenye hitilafu ilisema hazipo. Alipowauliza wabunge wenzake, nao walikuwa na mashauri ya namna hiyo. Mwaka 2024 Bunge likafuta kwa sheria moja hukumu za mamia ya wasimamizi wa posta.

Nyumba, shule na Mchunguzi wa Malalamiko

Kwa nyumba za umma, barua ya mbunge sasa ina sheria ya kuegemea. Kuanzia tarehe 27 Oktoba 2025, chini ya Sheria ya Awaab huko England, iliyopewa jina la mtoto wa Rochdale aliyefariki 2020 kutokana na ukungu wa nyumba, mwenye nyumba wa umma anatakiwa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza unyevu na ukungu mkubwa ndani ya siku 10 za kazi. Barua nzuri inataja tarehe ya taarifa ya kwanza, inaambatanisha picha, na kuuliza siku ya kumi ilikuwa lini. Kadhalika mpango wa mtoto mwenye mahitaji maalumu shuleni: sheria inaipa halmashauri wiki 20 tangu ombi, na wiki zinahesabika.

Malalamiko ya nyumba za umma na ya halmashauri, mtu akishamaliza ngazi za ndani, anaweza kuyapeleka kwa mchunguzi mwenyewe bila mbunge. Malalamiko dhidi ya wizara za serikali ni tofauti: tangu sheria ya 1967 lazima yapitie kwa mbunge, na sahihi yake ndiyo ufunguo. Mchunguzi huyo hata hivyo hupendekeza tu. Machi 2024 alipendekeza fidia ya pauni 1,000 hadi 2,950 kwa wanawake waliozaliwa miaka ya 1950 ambao hawakuarifiwa vizuri umri wao wa pensheni ulipopandishwa. Desemba mwaka huohuo serikali ikakataa kulipa.

Kwa Waswahili wanaoishi huko

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni raia wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo akiwa na miaka 18, anaishi Uingereza na ana ruhusa ya kuwepo, anaweza kujiandikisha na kumpigia kura mbunge, hata akiwa na pasipoti ya nyumbani tu. Raia wa Kongo, Burundi au Oman hana haki hiyo mpaka apate uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine yenye haki hiyo. Kusaidiwa na mbunge ni kitu kingine. Kunategemea makazi, wala hakuna anayeuliza ulimpigia nani.

Tahadhari ni ile hati iliyoandikwa kwamba mwenyewe haruhusiwi fedha za umma. Kuomba Universal Credit ukiwa na sharti hilo kunaweza kukuharibia viza ijayo, na mbunge hawezi kulifuta kwa barua. Aliye kwenye njia ya familia au maisha binafsi anaweza kuiomba Wizara ya Mambo ya Ndani ibadilishe sharti, bila ada, kwa kuonyesha kwamba anakaribia ufukara. Na mwenye mtoto, hata akiwa na sharti hilo, bado anaweza, huko England, kwenda halmashauri chini ya kifungu cha 17 cha sheria ya watoto ya 1989.

Turudi kwenye tarakimu

Ofisi moja huhesabu kila barua pepe kuwa shauri, zikiwemo mamia zenye maneno yaleyale yaliyotumwa kwa kubofya kitufe cha kampeni. Ofisi nyingine huhesabu kila mtu mara moja. Kuzilinganisha ni kulinganisha magunia na debe. Idadi ya hotuba inaweza kuwa sentensi mojamoja za kudakia hotuba za wengine. Mbunge aliye waziri haulizi maswali kabisa, na Spika, ambaye pia ana jimbo, haulizi wala hapigi kura za kawaida, lakini wote wawili wana kliniki na mashauri kama wengine.

Njia ya uhakika ni kuchukua jambo moja kwenye ripoti, tuseme "nimehoji kuhusu kufungwa kwa kituo cha kazi," kisha kulitafuta kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa jina la mbunge na mwezi. Usisome swali, soma jibu la waziri. Kama jibu lilikuwa la kukwepa, angalia miezi miwili iliyofuata uone kama jina lilelile lilirudi na swali lilelile, limenolewa zaidi.